Kaya Tano, Watu Ishirini na Tisa: Kosa la Wastani katika Programu za Kompyuta

Mazungumzo haya yalitolewa na mhamasishaji wa jamii katika kituo cha vijana, mbele ya wanafunzi wa darasa la kompyuta, wazazi wao na viongozi wa vijiji. Tunayachapisha yote ili na wale ambao hawakufika wayasome.

 

Nimeombwa niseme na wanafunzi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Java. Lakini nimewaomba wazazi na viongozi nao wakae wasikilize, hata wale ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Jambo nitakalolisema linawahusu. Jambo lenyewe ni wastani.

Ndugu zangu, sehemu kubwa ya maisha yetu hapa kambini inapimwa kwa wastani. Kuna wastani wa watu katika kaya. Kuna wastani wa lita za maji kwa mtu kwa siku. Kuna wastani wa wanafunzi kwa dawati, na wastani wa alama za mtoto kwenye mtihani. Wanaopanga huduma hawawezi kuingia katika kila nyumba kila siku. Wanatazama namba zilizoletwa mezani. Kwa hiyo wastani ukikosewa hakuna mlango utakaogongwa wala kelele itakayosikika. Atakayeumia ni yule ambaye hakuonekana kwenye karatasi.

Zamani wastani ulitafutwa kwa kalamu na daftari. Siku hizi unatafutwa na kompyuta, na kompyuta hufanya kazi kwa maelekezo aliyoandika mtu. Vijana wetu wanaosoma hapa, kesho wataombwa waandike programu ndogo ndogo: ya mahudhurio shuleni, ya hesabu za kikundi cha akiba, ya matokeo ya mtihani. Kosa nitakalolieleza ni moja ya makosa ya kwanza anayokutana nayo kila anayeanza Java. Ubaya wake ni kwamba programu haisimami wala hailalamiki. Inatoa jibu, na jibu hilo linafanana na jibu la kweli.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa kaya tano. Ya kwanza ina watu 7, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8, na ya tano 4. Jumlisha: watu 29. Gawanya kwa kaya 5. Kila mtoto aliyefundishwa desimali atakwambia jibu ni 5.8, yaani karibu watu sita kwa kila kaya.

Sasa mwanafunzi wa kompyuta anaandika hivi:

int jumla = 7 + 4 + 6 + 8 + 4;
int idadi = 5;
System.out.println(jumla / idadi);

Mstari wa kwanza unatunza jumla ya watu. Wa pili unatunza idadi ya kaya. Wa tatu unasema: gawanya, kisha andika jibu kwenye skrini. Kompyuta inaandika 5.

Si 5.8, wala si 6. Ni 5.

Tulitazame jibu hilo vizuri. Kaya tano zenye watu watano watano ni watu 25. Sisi tulikuwa na watu 29. Wale wanne wamekwenda wapi? Hawakuhama, hawakufariki, hawakurudi nyumbani. Wamepotea pale kwenye kugawanya.

Mtu anaweza kusema kwamba wanne si wengi. Basi tuseme kijiji kina kaya 400 zenye wastani huo huo wa 5.8. Watu wake ni 2,320. Mtu akichukua ile 5 ya kompyuta na kuizidisha kwa kaya 400 atapata watu 2,000. Akiagiza sabuni kipande kimoja kwa kila mtu, watu 320 watasimama kwenye foleni na kurudi mikono mitupu. Na hapo hakuna aliyeiba sabuni. Karani aliyekuwa kwenye mgao hana kosa. Kosa lilifanyika siku nyingi kabla, katika mstari mmoja wa maandishi.

KWA NINI KOMPYUTA INAFANYA HIVYO

Mara nyingi tunasikia mtu akisema kwamba kompyuta imekataa, au kompyuta imepunguza watu. Kompyuta haina uamuzi wa namna hiyo. Inafuata kanuni, na kanuni ya Java katika jambo hili iko wazi.

Katika Java kila namba hutunzwa mahali penye jina, na mahali hapo huitwa kigeu. Kabla ya kukitumia kigeu, kwa kawaida mwandishi husema ni cha aina gani. Neno int maana yake kigeu hiki kinatunza namba kamili tu: 4, 29, 400. Neno double maana yake kigeu hiki kinaweza kutunza namba yenye desimali, kama 5.8 au 19.95.

Fikirini kreti ya soda na dumu la maji. Kreti inabeba chupa nzima nzima; huwezi kumimina nusu chupa ndani ya kreti. Dumu linapokea lita nzima, nusu na robo. Kigeu cha int ni kreti. Kigeu cha double ni dumu.

Kanuni ni hii: namba zote mbili, ile inayogawanywa na ile inayogawanya, zikiwa za aina ya int, jibu nalo litakuwa int. Desimali hukatwa na kutupwa. Angalieni kwamba nimesema hukatwa, sikusema hukadiriwa. Shuleni tulifundishwa kwamba 5.8 ukiikadiria kwenda namba kamili iliyo karibu unapata 6. Java haifanyi hivyo hapa. Kwake 29 gawanya kwa 5 ni 5. Hata 99 gawanya kwa 100, ambayo kwetu ni karibu moja kamili, kwake ni 0.

Kwa hiyo, kwa namba tunazohesabu sisi, watu, lita, siku na alama, kosa hili huvuta jibu chini siku zote. Haliongezi hata mara moja. Lakini kuvuta chini hakuna maana moja kila mahali. Kama ni lita za maji, kijiji kinaweza kuonekana kina shida kuliko hali yake. Kama ni wanafunzi kwa dawati, mambo hugeuka. Wanafunzi 118 kwenye madawati 40 ni 2.95, yaani karibu watatu kwa kila dawati. Programu yenye kosa itaandika 2. Atakayesoma ripoti atasema watoto wanakaa wawili wawili, kila kitu ni salama, wakati watoto wanabanana.

Wengine watauliza kwa nini watu wenye akili walitengeneza lugha yenye tabia kama hii. Java ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na kiongozi wa kazi hiyo alikuwa James Gosling. Maandishi yake mengi yanafuata nyayo za lugha ya zamani zaidi, lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo nayo hugawanya namba kamili na kutupa desimali. Na tabia hii ina kazi yake njema. Ukiwa na vipande 17 vya sabuni na watu 5, hutaki kuambiwa kila mmoja apate 3.4. Unataka kujua kila mmoja anapata 3 na vinabaki 2. Java inakupa hayo yote: 17 / 5 ni 3, na 17 % 5 ni 2, kwa kuwa alama ya % katika Java hutoa baki. Vivyo hivyo dakika 130 ni saa 130 / 60, yaani 2, na dakika 130 % 60, yaani 10. Kwa kugawa vitu visivyokatika, kanuni hii ni sahihi. Kwa kutafuta wastani, haifai.

NJIA TATU ZISIZOPONYA

Vijana wenzangu, sasa nasema nanyi hasa. Mwanafunzi akiona 5 mahali pa 5.8 hujaribu kurekebisha, na mara nyingi hupitia njia tatu zisizosaidia.

Njia ya kwanza ni kubadili kigeu cha jibu peke yake:

double wastani = jumla / idadi;

Anafikiri kwa kuwa wastani ni double, desimali itakuja. Kompyuta inaandika 5.0. Hii ni hatari kuliko mwanzo, kwa sababu sasa kuna nukta na sifuri, na jibu linaonekana limepimwa kwa uangalifu. Kilichotokea ni kwamba kompyuta imegawanya kwanza, kreti kwa kreti, ikapata 5, ndipo ikaimimina ile 5 ndani ya dumu. Desimali ilikwisha kumwagika njiani. Dumu haliwezi kurudisha maji yaliyomwagika.

Njia ya pili ni kuweka neno double lakini kufunga mabano mahali pasipofaa:

double wastani = (double) (jumla / idadi);

Hapa pia jibu ni 5.0. Mabano yanaiambia kompyuta ianze na kilichomo ndani. Ndani kuna kugawanya kwa namba kamili. Ikitoka nje imekwisha kuwa 5.

Njia ya tatu ni kukadiria baada ya kugawanya:

Math.round(jumla / idadi)

Math.round hukadiria kwenda namba kamili iliyo karibu. Lakini inapewa 5 iliyokwisha kukatwa, nayo inarudisha 5. Haina habari kwamba palikuwa na 0.8.

Njia zote tatu zina ugonjwa mmoja: dawa inakuja baada ya kugawanya. Lazima ije kabla.

NJIA ILIYO SAWA

Dawa ni kuhakikisha kwamba angalau namba moja kati ya mbili ni double wakati wa kugawanya. Moja ikiwa double, Java huibadili na ile nyingine, na jibu hutoka na desimali zake. Unaweza kuandika:

double wastani = (double) jumla / idadi;

Hapa neno double limekaa mbele ya jumla peke yake. Jumla inakuwa 29.0, kisha inagawanywa kwa 5, na jibu ni 5.8. Au unaweza kutangaza tangu mwanzo kwamba jumla ni double:

double jumla = 7 + 4 + 6 + 8 + 4;

Kama unagawanya kwa namba uliyoiandika mwenyewe, tia nukta na sifuri: andika jumla / 5.0 badala ya jumla / 5. Na ukitaka kuonyesha desimali moja tu kwenye skrini, tumia System.out.printf("%.1f", wastani). Hapo namba yenyewe inabaki kamili ndani ya programu. Kinachofupishwa ni maandishi tu.

Kwa wale waliosoma kwa Kifaransa, kumbukeni jambo dogo. Tulizoea kuandika 5,8 kwa mkato. Katika maandishi ya Java ni lazima kuandika 5.8 kwa nukta.

Jambo jingine ni kugawanya mara moja tu, mwishoni. Kuna wanaogawanya kila alama kwanza ndipo wanajumlisha. Mwanafunzi amepata 61, 58, 54 na 66. Jumla ni 239, na wastani wa masomo manne ni 59.75. Ukigawanya kila alama kwa 4 kwa namba kamili unapata 15, 14, 13 na 16. Jumlisha: 58. Mtoto amepoteza karibu alama mbili bila mwalimu kusahihisha jibu lolote. Ni ile haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kinapungua.

Tena, tusidanganywe na lugha nyingine. Wapo kati yetu walioanza na Python. Katika Python ya tatu, iliyotoka mwaka 2008, 29 / 5 ni 5.8 bila taabu yoyote. Anayetaka namba kamili huandika alama mbili za mkwaju. JavaScript nayo hutoa 5.8, na ijulikane kwamba JavaScript na Java ni lugha mbili tofauti ingawa majina yanafanana. Kijana anayetoka huko akaja Java na mazoea yake atakosea bila kujua.

ASILIMIA INAYOGEUKA SIFURI

Dada au ndugu wa kosa hili ni kosa la asilimia, nalo lina makali zaidi. Mtoto amehudhuria shule siku 57 kati ya 60. Mwanafunzi wa kompyuta anaandika kama alivyofundishwa hesabu:

57 / 60 * 100

Jibu la kweli ni asilimia 95. Kompyuta inaandika 0. Inaanza upande wa kushoto: 57 gawanya kwa 60 ni sifuri na desimali, desimali inatupwa, inabaki sifuri. Sifuri mara 100 ni sifuri. Mtoto ambaye hakukosa shule ila siku tatu ameandikwa kama mtoro wa kudumu.

Heri kosa hili, kwa sababu sifuri inashtua na mtu atauliza. Lakini tahadhari: wengine huponya kwa kutanguliza 100, wakaandika 100 * 57 / 60. Wanapata 95 na wanafurahi. Wakija kwa mtoto wa siku 44, programu inaandika 73, wakati jibu ni 73.33. Kosa halikuondoka, limejificha. Andikeni 100.0 * 44 / 60, yaishe.

DESIMALI INAPOAMUA MAISHA YA MTOTO

Wazazi wanaweza kuuliza: hizo desimali zina uzito gani katika shule? Nitajibu kwa haki, kwa sababu si kila mahali zina uzito.

Kama sharti la kufaulu ni kuanzia 50, kukata desimali hakubadili kitu. Mwenye 50.25 atakatwa awe 50, na bado amefika. Mwenye 49.75 atakuwa 49, na hakuwa amefika tangu awali. Hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini kama sharti linasema zaidi ya 50, yule wa 50.25 amefaulu kwa kalamu, na amefeli kwa kompyuta, kwa sababu 50 si zaidi ya 50. Na kama utaratibu wa shule ni kukadiria kwenda namba kamili iliyo karibu, yule wa 49.75 alistahili kuandikwa 50, lakini programu itamwandika 49.

Penye uzito mkubwa ni kupanga nafasi. Tuseme kuna nafasi moja ya masomo na wanafunzi watatu. Wa kwanza ana jumla ya 239 kwa masomo manne, wa pili 237, wa tatu 236. Wastani wao ni 59.75, 59.25 na 59. Programu yenye kosa itawapa wote 59. Mbele yake wako sawa, na huenda nafasi ikamwendea aliyetangulia kwenye orodha kwa sababu ya herufi ya jina lake. Yule aliyekesha na kibatari akisoma hatajua kamwe kilichomwangusha. Mahali kama hapo ni bora kupanga kwa jumla, maana wote wamefanya masomo manne, na jumla haina desimali ya kukatwa.

Hili ni fundisho kwa mambo yote. Ukiwa na jumla ya kweli, itumie hiyo. Usitoke kwenye jumla kwenda kwenye wastani, kisha urudi kutoka kwenye wastani kutafuta jumla. Hata wastani uliokadiriwa vizuri hupotosha ukirudi nao: kile kijiji cha kaya 400, ukikadiria 5.8 kuwa 6, kitakuwa na watu 2,400. Sasa wamezidi 80 wasiokuwepo. Watu wahesabiwe kwa idadi yao, si kwa wastani wao.

ORODHA ISIYO NA MTU

Kabla ya kugawanya, programu iulize kwanza kama kuna kitu cha kugawanya. Orodha ikiwa tupu, idadi ni 0. Ukigawanya int kwa int sifuri, Java inasimamisha programu na kutoa onyo kwamba umegawanya kwa sifuri. Ukiwa umetumia double na jumla nayo ni sifuri, haisimami. Inaandika NaN, maana yake kilichopatikana si namba. Wekeni sharti la if: idadi ikiwa 0, programu iseme wazi kwamba hakuna taarifa. Kijiji ambacho hakijahesabiwa kisiandikwe kama kijiji chenye watu sifuri. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

NAMNA YA KUJARIBU PROGRAMU

Wengi hujaribu programu zao kwa namba rahisi: 10, 20 na 30. Jumla 60, wastani 20. Kompyuta inasema 20, mwanafunzi anafunga daftari. Lakini 60 inagawanyika kwa 3 bila baki, kwa hiyo kosa halikupata nafasi ya kujitokeza. Jaribuni kwa namba zinazoacha baki. Mfano wetu wa 7, 4, 6, 8 na 4 unatosha kabisa.

Tunajua kompyuta ni chache na zamu ni fupi. Basi kabla zamu yako haijafika, kaa chini na kalamu. Andika namba tano, tafuta wastani kwa mkono, uweke jibu pembeni. Ukifika kwenye kompyuta, linganisha. Majibu yakitofautiana, usiseme mashine ndiyo inayojua. Tafuta sababu mpaka uipate.

KWA WASIOANDIKA PROGRAMU

Sasa narudi kwa wazee wetu, akina mama na viongozi. Ninyi hamtaandika Java, lakini mtaletewa namba. Iko njia moja ya kupima wastani wowote, nayo haihitaji umeme wala Kiingereza. Zidisha urudi ulikotoka. Umeambiwa wastani ni watu 5 kwa kaya, na kaya ni 5. Tano mara tano ni 25. Lakini wewe mwenyekiti unajua watu wako ni 29. Jumla haikurudi, basi kuna kitu kimekatwa. Tofauti ndogo inaweza kuwa ni ya kukadiria tu, lakini ni haki yako kuelezwa.

Ulizeni maswali matatu. La kwanza: jumla ilikuwa ngapi? La pili: mmegawanya kwa wangapi, na ni akina nani walioachwa nje ya hesabu? La tatu: desimali zilikatwa, au zilikadiriwa? Anayejua kazi yake atajibu maswali hayo bila kukasirika.

Nawaombeni pia tuulize kwa heshima na mahali panapostahili: kwenye mkutano wa kijiji, kwa kamati ya shule, kwenye dawati la malalamiko. Tusitoke na namba tusiyoielewa tukaanza kueneza uvumi kwamba watu wamefutwa au posho imeuzwa. Uvumi umewahi kuleta ugomvi bure. Namba iliyokosewa inaweza kusahihishwa kwa siku moja kama mtu ataonyesha jumla na baki.

MWISHO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu linahamia kwenye kompyuta, nasi tunao vijana wanaoweza kuliandika. Kwao nasema: mnapogawanya, kumbukeni kwamba kilichobaki baada ya kugawanya si takataka. Katika hesabu ya kambi, baki ni mama mwenye mtoto mgongoni aliyesimama mwisho wa foleni. Andikeni double kabla ya kugawanya, gawanyeni mara moja mwishoni, jaribuni kwa namba zinazoacha baki, na jumla yenu iwe tayari kwa yeyote atakayeiuliza.

Darasa linaendelea kama kawaida. Mwenye programu anayotaka ipimwe aje nayo imeandikwa kwenye karatasi, pamoja na jibu alilolitafuta kwa mkono.